Sura ya Tano: Kanisa la Watu Wanaohamishwa

Mwalimu Mkristo anayepokea barua ya kuripoti Korbesa anajua mambo mawili kabla hata ya kufunga mizigo: safari ni ndefu, na siku moja barua nyingine itakuja kumtoa huko. Korbesa iko katika kaunti ndogo ya Merti, kwenye ukanda wa mto Ewaso Ng'iro. Kutoka mji wa Isiolo hadi Merti ni zaidi ya kilomita 200, na mvua kubwa ikinyesha msafiri hana budi kusubiri. Hii ni nchi ya Waborana wa Waso, ambao kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Wakristo wa pande hizi wengi wao wameletwa na kazi: walimu, wauguzi, askari polisi, watumishi wa mashirika. Hao ndio kwaya, ndio wasomaji wa masomo, ndio mwenyekiti na mweka hazina. Anayeongoza nyimbo muhula huu anaweza kuwa Kitui muhula ujao.

Sura hii inahusu uongozi wa kujitoa na ushiriki wa waumini, na nimechagua kuutazama kutoka Korbesa kwa sababu moja. Katika parokia za Nyeri au Machakos, ambako familia zimekaa vizazi vitatu karibu na kanisa lilelile, udhaifu wa uongozi hujificha. Mwenyekiti anakaa miaka 20 kitini na mambo yanaonekana kwenda. Siku akifariki ndipo watu wanagundua kwamba hakuna mwingine anayejua hati ya kiwanja iko wapi. Korbesa haimpi mtu nafasi ya kujificha hivyo. Kanisa ambalo nusu ya viongozi wake wanaweza kuondoka Desemba hii, ama linajua kumwandaa mtu wa pili, ama linafungwa.

Ninachokiamini nakisema mapema. Kujitoa hakuji kwa kuhubiriwa. Kila Jumapili waumini wanaambiwa wajitoe, na kila Jumapili ni walewale watano wanaobaki kupanga viti. Mtu hujitoa anapokabidhiwa kazi ya kweli, yenye mwanzo na mwisho, yenye mtu wa kuipokea baada yake, na yenye hesabu inayosomwa mbele ya wote. Mambo hayo manne yakiwepo, hata mgeni wa miezi mitatu anakuwa nguzo. Yakikosekana, hata mwenyeji wa miaka 30 anabaki mtazamaji.

Jimbo lililozoea kuanza upya

Kanisa Katoliki la Isiolo lenyewe ni changa. Eneo hili lilikuwa sehemu ya jimbo la Meru hadi mwaka 1995, lilipofanywa vikarieti ya kitume, yaani eneo la misheni lenye askofu wake lakini ambalo bado halijawa jimbo kamili. Askofu wake wa kwanza alikuwa Luigi Locati, padre wa jimbo la Vercelli nchini Italia aliyekuwa amefanya kazi Kenya tangu miaka ya 1960. Alijulikana kwa shule, chekechea na vituo vya afya alivyojenga katika eneo ambalo serikali ilikuwa imelisahau. Tarehe 14 Julai 2005, jioni, alipigwa risasi mjini Isiolo, akafa. Alikuwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 77.

Kifo cha namna hiyo kingeweza kulivunja kanisa changa. Halikuvunjika. Mwaka 2006 akaja Askofu Anthony Ireri Mukobo, Mkenya wa shirika la Wakonsolata, na mwaka 2023 Isiolo ikapandishwa kuwa jimbo kamili. Kati ya 2005 na 2023, sala hazikukoma kwenye vigango. Kigango kilicho mbali kinaweza kukaa Jumapili nyingi bila Misa, kwa sababu padre mmoja ana vigango vingi na barabara ni zile zile. Siku hizo katekista au mlei mwingine aliyeandaliwa huongoza ibada ya Neno, hufundisha wakatekumeni, huzika wafu. Ukiuliza nani aliyelishikilia kanisa la kaskazini mwa Kenya, jibu la kweli litakuwa na majina ya maaskofu wachache na ya makatekista wengi sana ambayo hayajaandikwa popote.

Roma nayo imelitambua hilo. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa, inayotolewa na askofu katika ibada. Kwa kanisa la Merti hatua hiyo ilithibitisha tu kile ambacho waumini wamekiishi miaka mingi.

Jirani anayeijua kazi hii

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kinasimulia jinsi Musa alivyokuwa akikaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu wote, mpaka mkwewe Yethro akamwonya kwamba atajimaliza na kuwamaliza watu. Akamshauri ateue watu waaminifu, wasiopenda rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Wahubiri wengi wanaitumia sura hii kufundisha ugawaji wa madaraka, na ni sawa. Lakini wanapita haraka juu ya jambo moja: Yethro hakuwa Mwisraeli. Alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa mifugo na jangwa. Musa alipokea somo la uongozi kutoka kwa jirani wa imani nyingine, na hakuona haya.

Wakristo wa Korbesa wana jirani wa namna hiyo. Katika mila ya Waborana, kisima kina msimamizi anayeitwa *abba herega*. Maji si mali yake. Kazi yake ni zamu: leo ng'ombe wa nani wanatangulia, kesho wa nani, ngamia wa mgeni aliyetoka mbali wanaingia lini. Mwenye haki ya kunywesha ana wajibu pia wa kutoa mtu wa kuchimba, kuzibua matope na kutengeneza hori. Ukikwepa kazi, unaitwa mbele ya kikao, na neno la kikao lina uzito kwa sababu kila mwanachama anajua kwamba bila mpango huo mifugo yote itaangamia, yake ikiwemo.

Juu ya mpango wa maji upo mpango wa malisho, *dheedha*, ambao wazee wake huamua lini malisho ya masika yafungwe, lini mifugo isogee kwenye ya kiangazi, na sehemu gani iachwe kabisa kwa ajili ya mwaka wa ukame. Mamlaka ya wazee hao yalidhoofika kwa miongo mingi. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960, vilivyowafungia wafugaji kambini Merti na Garba Tulla na kumaliza mifugo yao, viliumiza zaidi. Lakini katika miaka ya karibuni wazee wa Isiolo wameuhuisha utaratibu huo na kuandika kanuni zake. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, watu waliona tena kwa nini babu zao waliheshimu neno la wazee wa malisho.

Mambo yale manne yote yamo humo. Kazi ni ya kweli, kwa maana ikikosewa ng'ombe wanakufa. Muda unajulikana, kwa kuwa zamu ina siku yake. Mtu wa kupokea yupo, maana vijana wanakulia pale kisimani wakitazama. Na hesabu ni wazi: kila mtu anaona hori na anajua nani alinywesha jana. Kiongozi wa kigango anayetaka kujifunza uongozi hahitaji kusafiri hadi semina ya Nairobi kwanza. Aombe ruhusa ya wazee, akae kisimani asubuhi moja, aangalie.

Kikundi kidogo na hatua ya sita

Makanisa ya Afrika Mashariki yaligundua jambo linalofanana na hili kwa njia yao. Katika miaka ya 1960, katika parokia ya Nyarombo, jimboni Musoma, Tanzania, si mbali na mpaka wa Kenya, wamisionari wa Maryknoll walijiuliza kwa nini Wajaluo wengi walivutwa na makanisa huru. Utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba watu walitafuta kundi dogo ambamo kila mmoja anajulikana kwa jina na ana nafasi yake. Parokia ikaanza kujengwa upya kwa vikundi vidogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walilichukua wazo hilo katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakalifanya kuwa msingi wa uchungaji wao wote. Ndipo zikaenea jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tunazozijua leo.

Jumuiya zipo. Swali ni zinafanya nini. Nyingi zimegeuka kuwa vituo vya kukusanya michango: watu wanakutana, wanasali rozari, karatasi ya harambee inapitishwa, wanaagana. Ndiyo maana vijana na wanaume hawaendi.

Tazama jumuiya inavyoweza kuwa mahali ambapo wanakutana watu kumi au kumi na wawili tu. Ni Alhamisi jioni, nyumba za walimu, viti vya plastiki na mkeka mmoja. Wanafuata hatua saba zilizotungwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: wanamkaribisha Bwana, wanasoma Injili, kila mtu anataja neno lililomgusa, wananyamaza kwa muda, wanashirikishana. Kisha inakuja hatua ya sita, ambayo jumuiya nyingi huiruka kwa sababu giza linaingia na chai imeshachemka: ni kazi gani tunaitwa kuifanya wiki hii?

Hapo ndipo jumuiya inaishi au inakufa. Mwenyekiti hatoi hotuba, anauliza tu. Muuguzi anasema kuna mama mgeni kituoni, amejifungua na hana ndugu karibu. Nani ataenda? Askari mmoja anajitolea kubeba maji Jumamosi. Mwalimu wa kike atapika uji siku mbili. Katibu anaandika majina mawili na siku zao. Alhamisi inayofuata, kabla ya sala ya kufungua, anasoma: fulani alipewa hili, limefanyika? Hakuna anayekaripiwa. Swali lenyewe linatosha. Askari yule, ambaye kwa miezi sita alikuwa akikaa karibu na mlango, ametoa taarifa mbele ya watu. Wiki hiyo amekuwa kiongozi, na hakuna aliyempigia kura.

Nasisitiza udogo wa kazi hiyo. Makosa makubwa ya parokia zetu ni kumpa mtu cheo kabla ya kumpa kazi. Tunamchagua mwenyekiti wa vijana, tunampigia makofi, kisha tunamwacha ajitafutie la kufanya. Mpe kwanza ndoo mbili za maji kwa mama aliyejifungua. Akizifikisha na kurudi kusema, umempata kiongozi.

Daftari moja na funguo mbili

Mtu anapohamishwa kutoka Korbesa, hana muda wa kuandaa sherehe ya makabidhiano. Barua inasema aripoti baada ya wiki mbili. Kwa hiyo makabidhiano lazima yaanze siku ile anapopokea kazi.

Nashauri kila kigango kiwe na daftari moja gumu, la kurasa nyingi, linalokaa kanisani wala si nyumbani kwa mtu. Kurasa za kwanza zina orodha ya familia na watu wanaoishi peke yao, pamoja na siku ya kila mmoja kufika. Zinafuata orodha ya wakatekumeni na somo walilofikia, ili katekista mpya asiwarudishe mwanzo. Kisha mali: sanduku la vyombo vya ibada, misalaba, viti, tangi la maji, kila kimoja na hali yake. Kurasa za mwisho zina fedha, safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila mstari una saini mbili. Sanduku la sadaka lina funguo mbili, kila moja na mtu wake, na halifunguliwi mmoja akiwa hayupo.

Huo utaratibu si wa kumshuku mtu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 537, inaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya uchumi, na hailiachi jambo hilo kwa hiari ya paroko. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba fedha isiyosomwa hadharani huzaa minong'ono, na minong'ono huua ari ya watu waaminifu kabla haijamgusa mwizi. Mweka hazina ambaye kila mwisho wa mwezi anasimama na kusoma kwamba sadaka ilikuwa shilingi 1,840 na mafuta ya pikipiki ya katekista yamekula 600 anajilinda yeye mwenyewe. Analinda pia moyo wa yule muumini aliyetoa shilingi ishirini.

Muda wa uongozi nao uandikwe. Mahali pa uhamisho wa mara kwa mara mwaka mmoja unatosha, unaoweza kurudiwa mara moja. Na kila mwenye kazi awe na msaidizi tangu mwezi wa kwanza, ambaye kila mara ya tatu anaifanya kazi hiyo yeye, mkuu wake akikaa kando. Msomaji mzoefu amwachie mwenzake somo la pili. Mwalimu wa kwaya amwachie kijana kuanzisha wimbo, hata kama ataanza juu mno. Anayeogopa kusaidiwa anaipenda nafasi yake kuliko kanisa, na hilo aambiwe kwa upole, mapema, akiwa bado anaweza kubadilika.

Imani ya pamoja

Katika miaka ya 1960 padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alikuwa akiwafundisha Wamasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Siku ya kuamua nani abatizwe ilipofika, alianza kuwachambua: huyu hakuhudhuria vya kutosha, yule hakuelewa. Kama anavyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 1978, mzee mmoja, Ndangoya, alimzuia. Alimweleza kwamba katika jamii yao wepesi wa kuelewa wamewasaidia wazito, na wenye bidii wamewabeba wavivu, na kwamba waliofika hapo wamefika wote kwa pamoja. Donovan akawabatiza wote.

Simulizi hiyo naipeleka kwenye vigango vyetu kila ninapoona orodha ya waumini hai na waumini legevu imebandikwa mlangoni. Asiyehudhuria ana sababu. Muuguzi yuko zamu ya usiku. Askari ametumwa doria. Mwalimu mpya anaona kwamba kila mtu anazungumza na anayemjua, naye hana wa kuzungumza naye. Ushiriki unaanza pale mmoja anapotumwa, kwa jina, kumtembelea mwingine, kwa jina. Jumuiya ya watu kumi na wawili inaweza kufanya hivyo, na parokia ya watu elfu nne inaweza pia, ikiwa imegawanyika vizuri.

Ushuhuda mbele ya majirani

Kiongozi Mkristo katika mji wa Waislamu anaongoza akitazamwa. Mwalimu anayefika darasani kwa wakati, muuguzi asiyeomba chochote dirishani, askari asiyechukua rushwa barabarani, hao ndio mahubiri ambayo jirani anayasikia. Ndiyo maana baraza la kigango linapochagua viongozi liulize kwanza: kazini kwake anasemwaje? Aliyeshindwa uaminifu katika mshahara wa serikali hatauweza katika sanduku la sadaka.

Na uhusiano na majirani hauwezi kungoja siku ya msiba. Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawaua watu 28, na baadaye walimu wengi wakaogopa kurudi kaskazini mashariki. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Wauaji wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Ujasiri kama ule hauwezi kuombwa kwa jirani usiyemjua. Kigango cha Korbesa, cha Merti, cha popote katika nchi hizi, kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake rasmi ni hiyo: kwenda kwa wazee na kwa imamu, kupeleka pole kwenye msiba, kupeleka salamu za Idi, kujua habari za maji na malisho. Ni kazi ya kweli kama zile nyingine, na iandikwe kwenye daftari.

Parokia nyingi za Kenya hazina uhamisho wa kuzilazimisha. Zina waumini wa kudumu, majengo, na halmashauri iliyokaa muda mrefu. Naziomba zijilazimishe zenyewe. Jifanyeni kama kila mwenye cheo atapata barua Desemba hii. Wekeni muda, wekeni msaidizi, someni hesabu, na anzeni na kazi ndogo inayomfikia mtu mwenye shida. Wanaohudumu katika mazingira magumu wanafanya hivyo kwa sababu hawana njia nyingine. Sisi tulio na nafasi tuna deni la kufanya hivyo kwa hiari.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Kiongozi wetu akihamishwa wiki mbili zijazo, nani ataongoza ibada ya Jumapili inayofuata, na je, ameshawahi kuiongoza?

2. Katika mikutano minne iliyopita, tulifika hatua ya sita mara ngapi? Nani alipewa kazi, na ilisomwa tena lini?

3. Mara ya mwisho hesabu ya sadaka ilisomwa mbele ya waumini wote ilikuwa lini? Funguo za sanduku ziko kwa nani?

4. Ni nani kati yetu hajaonekana kwa mwezi mmoja, na nani atakayemtembelea kabla ya Jumapili?